Tofali la Sita

Jumatatu, 3 Juni

Leo nusura nimuue ndama. Kona ya ishirini na tatu (nimezihesabu zote, kutoka kwa mfugaji wa mwisho hadi kituo cha maziwa ziko arobaini na moja), nakunja, na huyo hapo katikati ya barabara, ananitazama kama mwenye hati ya kiwanja. Breki! Keni zote kumi na nane zikagongana nyuma kama masufuria ya jirani mgomvi. Lita tatu chini. Ndama hata sikio hakutikisa.

Taa za pikapu hii zimezeeka kuliko mimi. Unaona mita ishirini na tano, mbele ya hapo unakisia. Kwa mwendo wa hamsini nakula mita kumi na nne kila sekunde. Sekunde mbili tu, nimeshaumaliza mwanga wangu. Yaani alfajiri naendesha kwa imani, na mimi si mtu wa imani, ni mtu wa vipimo. Si ndiyo maana wananiita Mama Mizani?

Taa Sita, dereva mwenzangu wa maziwa, hana shida hiyo. Sita juu ya paa, akija utadhani uwanja wa mpira umeota magurudumu. Na njia ya mlimani ni yake, lami tupu, tunakutana tu kwenye njia panda, kilomita nne za mwisho. Njia ile niliifungua mimi! Kwa baiskeli, keni moja kulia, moja kushoto, miaka kumi na moja iliyopita. Mwenyekiti wa ushirika akampa yeye, eti si njia ya mwanamke. Ilipowekwa lami ndiyo ikawa si ya mwanamke. Ilipokuwa tope, ilikuwa yangu.

Basi. Nanunua taa za ziada. Mbili zinatosha, mimi si uwanja wa mpira.

Jumatano, 5 Juni

Dukani saa nzima. Mwenye duka alitaka nichukue zile za mwanga mrefu, mwembamba. "Mama, hii inafika nusu kilomita!" Nikamuuliza: barabara yangu ina kona arobaini na moja, hiyo nusu kilomita iliyonyooka nitaitoa wapi? Kwako? Mwanga mrefu kwenye kona unamulika migomba ya watu. Ninachotaka kuona ni ukingo, mtaro, ng'ombe anayetoka pembeni. Mwanga mpana.

Akaleta mpana. Nikauliza wati, nikauliza kama maji hayaingii, nikauliza rangi. Nyeupe au njano? Kwenye ukungu nyeupe inakurudia mwenyewe usoni, hiyo najua. Lakini ukungu kwetu ni siku sitini kwa mwaka, nyingine zote ni giza safi. Nyeupe. Akacheka: mama, wewe ungefaa kuwa mkaguzi. Nikamwambia mkaguzi analipwa, mimi najikagua bure.

Nimerudi nazo mapajani kama mayai.

Ijumaa, 7 Juni

Zimefungwa! Fundi umeme alikuja saa nane mchana, akamaliza saa kumi na moja. Ziko kwenye bomba la mbele, sentimita tisini kutoka ardhini. Swichi yake peke yake, chini ya usukani, upande wa kushoto. Fundi alitaka kuziunganisha na taa kubwa ili nikishusha hizo na hizi zizime. Nikakataa. Zinamulika chini, hazimgusi mtu, kwa nini zizime?

Jioni tukazielekeza ukutani. Nilipima mwenyewe: mita kumi kutoka bampa hadi ukuta wa stoo. Ukuta ule ni wa matofali, kila mstari sentimita ishirini na saruji yake. Tofali la nne linaishia themanini. Tukakaza mwanga uishie hapo hapo, sentimita kumi chini ya taa. Unashuka sentimita moja kila mita. Safi kama kitabu.

Fundi akakuna kichwa, akauliza je, gari likiwa na mzigo? Nikamjibu: fundi, taa ziko mbele, mzigo uko nyuma, wana undugu gani? Akacheka, akafunga mkoba wake wa spana.

Shemeji alipita na baiskeli yake akitoka kukusanya makreti ya mikate. Akasimama, mkono usoni. "Shemeji! Unatafuta nini barabarani, sindano?" Nikamwambia natafuta mwokaji anayeuza mkate mdogo kila mwezi. Akasema mkate haupungui, mikono yangu ndiyo inakua. Huyu mdogo wa mume wangu, siku atakayokosa jibu tutaita daktari.

Jumamosi, 8 Juni

Raha! Nimeona sungura, nimeona shimo kabla shimo halijaniona mimi. Nimefika kituoni dakika kumi na moja mapema. Karani wa kituo akauliza nimepaa?

Jumanne, 11 Juni

Shemeji ameanguka.

Naandika mikono ikinuka dawa ya zahanati. Nilikuwa kituoni, nimeshapima keni zote, simu ikaja: mwokaji wa mikate yuko mtaroni pale kwenye kalavati, ukishapita tu njia panda. Akina mama wawili waliokuwa wakienda shamba ndio waliomkuta. Nikageuza pikapu tupu. Kulikuwa kumeshakucha. Mikate imetapakaa kuanzia barabarani hadi kwenye maji, mingine imevimba kama mito ya kulalia. Yeye amekaa ukingoni, anaushika mkono wake wa kulia kama mtoto wa mtu mwingine aliyepewa ambebe.

Kifundo cha mkono kimevunjika mahali pawili. Mkono wa kukandia unga. Mganga amesema wiki nane plasta, halafu tutaona. "Tutaona" si kipimo.

Njiani alikuwa anajaribu kunichekesha. Anasema gari lilikuja, mwanga ukamjaa usoni, akaona nyeupe tu, kama mtu aliyevalishwa mfuko wa unga kichwani. Akakata kushoto kumkimbia dereva, mtaro ukampokea. Gari halikusimama.

"Gari gani?"

"Taa nyingi, shemeji. Sikuhesabu. Hesabu ni kazi yako."

Nikasema: Taa Sita! Nani mwingine?

Nililisema mimi. Hata yeye hakuwa amelitaja. Zahanati nzima ikaitikia. Baba watoto alipofika, na randa yake bado mkononi kutoka karakana, jina lilikuwa limeshamtangulia mlangoni. Ni mpole, ni seremala, lakini leo nimeona mishipa ya shingo yake.

Jumatano, 12 Juni

Nimekanda unga wa shemeji tangu saa tisa mchana. Kilo ishirini na tano. Yeye amekaa kwenye kiti, plasta imening'inia shingoni, ananisimamia. Eti nakanda kama nagombana nao. Mkewe, ambaye ana mimba ya miezi saba, anawaambia wateja: huyu shemeji si shemeji, ni dada wa tumbo moja. Jirani naye: Mungu akupe maisha marefu, Mama Mizani, ungekuwa wewe ndiye dereva ungesimama.

Nilijisikia vizuri. Naandika hivyo hivyo: nilijisikia vizuri.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Foleni kituoni, saa kumi na moja na dakika arobaini, bado giza. Mbele yangu hakuna gari, nikasogea hadi kwenye mstari wa kusubiri. Mstari ule uko mita kumi kutoka ukuta, karani mwenyewe aliuchora kwa rangi. Keni kumi na nane nyuma, zimejaa. Nilikuwa nazima injini, nikatazama ukutani.

Mwanga wangu uko juu.

Nikadhani ukuta huu una matofali madogo. Nikashuka nikapima kwa kiganja. Ni yale yale. Nikahesabu kutoka chini: moja, mbili, tatu, nne – ulitakiwa uishie hapa – tano, sita. Umekaa katikati ya tofali la sita. Nikahesabu tena kutoka chini. Ya tatu nilihesabu kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Taa ziko mbele, mzigo uko nyuma.

Kisha nikakumbuka. Jumanne, kalavati, saa kumi na moja na dakika ishirini. Nilishusha taa kubwa kama ninavyomshushia kila mtu. Zile mbili nikaziacha, si zinamulika chini? Mbele kulikuwa na kitaa kidogo cha baiskeli. Kikayumba. Kikatoka upande mmoja kwenda mwingine, kikapotea. Na mimi nikasema kwa sauti, peke yangu humu ndani: huyo kalewa, na saa hizi!

Nikapita.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepima. Sikuweza kutopima.

Nilijaza keni kumi na nane maji ya bomba, nikazipakia. Jirani akauliza ng'ombe wa nani anakamuliwa maji. Nikacheka. Naweza kucheka, kumbe.

Bila mzigo, bodi ya nyuma iko sentimita themanini na moja kutoka chini. Kwa mzigo, sabini na mbili. Imeshuka tisa. Tairi la mbele hadi la nyuma mita tatu. Tisa kwa tatu: pua inainuka sentimita tatu kila mita. Nilikuwa nimeishusha moja. Zinabaki mbili, kwenda juu. Kwenye mita thelathini ni sitini. Ongeza tisini za taa yenyewe.

Mia na hamsini.

Jioni nikamwambia baba watoto, kaa juu ya baiskeli hii kidogo. Wamelingana urefu, wale ndugu, wanabadilishana mashati. Akakaa, anatabasamu, anauliza unanishonea suti? Nikaweka futi yake ya kupimia mbao ardhini, nikaipandisha hadi kwenye jicho lake.

Mia na hamsini na mbili.

"Vipi, nimerefuka?"

Nikamwambia hujarefuka. Hapo ndipo ningesema. Futi bado ilikuwa mkononi, jicho lake hili hapa. Akasema kesho kutwa anaenda kwa Taa Sita, yeye na wenzake wa karakana, kumuuliza kistaarabu. Nikajua ule ustaarabu. Nikamwambia usiende, acha ushirika uamue. Ni neno la busara, amesema. Amenishukuru!

Jumapili, 16 Juni

Unga tena. Nimeamua nitamwambia shemeji leo, tukiwa wawili. Mkewe akaenda kuchota maji. Nikasema: shemeji, kuna jambo la taa.

Akanikatisha, macho yameng'aa. Na yeye ana jambo la taa! Anataka akipona aweke taa ya maana kwenye baiskeli, ile ya kuonwa, si ya kuona. "Nichagulie wewe. Wewe ndiye mtaalamu. Na wewe ni dereva, sema ukweli, kile kimulimuli changu kinaonekana?"

Nikasema kinaonekana.

Akasema, basi yule aliniona.

Mkewe akarudi na ndoo. Nikaendelea kukanda. Unga ulikuwa umeshakaa sawa, nikaukanda tu.

Na hili niliandike, maana hapa hakuna anayesoma. Mwenyekiti amenipigia. Kikao Jumatano, kituoni, saa kumi na mbili kamili asubuhi, wakati wote wameshaleta maziwa. Taa Sita atanyang'anywa njia. Na njia itarudi "kwa mwenyewe". Kwangu. Amesema hivyo, kwa mwenyewe, miaka minne nimelisubiri neno hilo kutoka kinywani mwake. Anataka nisimame kueleza habari ya mwanga, maana mimi ndiye ninayejua vipimo na watu wataniamini.

Nilisema asante. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

Jumatatu, 17 Juni

Tangu Alhamisi sijaziwasha. Naendesha kwa imani tena.

Leo nilikuwa na spana namba kumi na tatu mkononi, nimepiga magoti mbele ya bampa. Kuzishusha ni robo mzunguko, basi. Nusu dakika. Lakini nikizishusha leo, siku mtu akija kupima atakuta tofali la nne. Nitakuwa nimeshinda kwa spana. Nikairudisha kwenye mkoba. Halafu nikajiuliza: kama si kushinda, unangoja nini?

Kituoni Taa Sita akanifuata. Alivua kofia. Sijawahi kumwona kichwa, kumbe ana mvi nyingi kuliko mimi.

"Mama Mizani. Mimi na wewe hatupendani, hilo linajulikana."

"Linajulikana."

"Jumanne ile nilikuwa na pancha juu kule mlimani. Nimefika hapa saa kumi na mbili na nusu, karani ameandika. Lakini wanasema karani ni rafiki yangu. Wewe wakikuona unahesabu wanaamini. Wahesabie."

Nikamuuliza kwa nini unaniomba mimi, njia yenyewe inarudi kwangu.

"Ndiyo maana. Ukisema wewe, nani atabisha?"

Miaka minne nimemchukia mtu huyu kwa mpango, kama mtu anayeweka akiba. Leo nilitaka anitukane. Hakunitukana. Nikamwambia keni zangu zinangoja.

Jumanne, 18 Juni

Shemeji amesema ataenda kikaoni. Ameniomba lifti, nipite kalavatini nimchukue nikirudi na maziwa, atakuwa ametangulia kwa miguu. Kwa nini pale? Anataka kupaona tena. Mtu akianguka, anasema, lazima arudi kumsalimia mtaro.

Sijala.

Jumatano, 19 Juni

Naandika ndani ya pikapu, uwanja wa kituo. Daftari liko juu ya usukani. Wamo ndani tayari, nasikia viti.

Nilimkuta amekaa juu ya kalavati, saa kumi na moja na robo, plasta nyeupe gizani. Ndiyo niliyoiona kwanza. Akapanda, akauliza mbona leo giza, zile taa zako zimeungua? Nikasema hazijaungua. Nikaweka gia. Tukatembea kama mita mia mbili, keni zinanong'ona nyuma, yeye anazungumza habari ya jina la mtoto.

Mbele kikatokea kitaa. Baiskeli. Sijui ni nani, mfanyakazi wa mtu, anawahi.

Nikashusha taa kubwa. Kisha mkono wangu wa kushoto ukaenda chini ya usukani. Sikuutuma. Au niliutuma, sijui, nimeshaacha kujiamini katika mambo haya. Nikabonyeza.

Ilikuwa mchana mbele yetu. Yule mtu akainua kiwiko usoni. Baiskeli ikayumba. Nilikuwa nimeshasimama, nilikanyaga breki hata kabla ya kubonyeza, lakini shemeji hakuwa anatazama breki. Alikuwa anatazama kile kiwiko.

"Zima, shemeji."

Nikazima. Yule akapita akitukana. Matusi ya haki.

Injini ikawa inanguruma peke yake. Shemeji akageuka, akazitazama keni nyuma ya kioo. Kisha akauliza, taratibu sana, kama anayeulizia bei ya kitu anachojua hana uwezo nacho:

"Siku ile ulikuwa na keni ngapi?"

"Kumi na nane. Kama leo."

"Ulikiona kimulimuli changu?"

"Nilikiona."

Kilomita tatu na ushee zilizobaki aliishika plasta yake kwa mkono mzima. Mimi nilihesabu kona. Ziko tisa. Ukutani pale mbele nimesimama kwenye mstari, na nimeziwasha tena. Zimekaa tofali la sita. Nimeacha hivyo.

Sasa hivi karani ametoka, anapunga mkono: Mama Mizani, mwenyekiti anakuita, watu wote wanakungoja wewe. Taa Sita yuko dirishani, kofia mkononi. Baba watoto yuko karibu naye mno.

Shemeji ameshashuka. Amesimama hatua nne kutoka hapa, ukutani, ameuweka mkono mzima juu ya ule mwanga, anaona unapomfikia. Hajaniangalia. Mlango wa upande wake ameuacha wazi na baridi inaingia, na karani anaita tena, nami nina futi mfukoni, na nashuka nayo.